Mbayuwayu Si Mtalii

Naomba nafasi kidogo katika jarida letu nitoe maoni yaliyonikaa kooni tangu nilipokuwa kidato cha kwanza. Najua wengi wenu mmefungua ukurasa huu mkitafuta vitendawili na vichekesho. Hivyo viko mbele, havitoroki. Kwanza nisikilizeni mimi na ndege wangu.

Mambo yalianza kwa wino mwekundu. Mwalimu alitupa insha kuhusu majira ya mwaka. Mimi nilikuwa nimetoka kusoma hadithi moja ya Kizungu iliyotafsiriwa, basi nikaandika kwa mbwembwe zote kwamba yalikuwa majira ya vuli, majani yamegeuka rangi ya dhahabu na kupukutika, na ndege walikuwa wakiaga wakienda zao nchi za joto. Mwalimu alipiga mstari sentensi nzima na kuandika pembeni: "Wapi? Kawangware?" Alipoisoma kwa sauti darasa lilicheka hadi jirani zetu wa darasa la pili wakachungulia dirishani. Akatueleza kwamba vuli kwetu ni mvua, ile fupi inayonyesha kati ya Oktoba na Desemba, na kwamba watafsiri waliliazima jina hilo wakayavisha majira ya Ulaya ambayo sisi hatuna. Kisha akaniuliza swali ambalo nadhani hakutarajia lijibiwe: "Na hao ndege wako wa nchi za joto, walikuwa wanakwenda kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Sasa nimo kidato cha nne, jibu ninalo, na ndilo limenifanya niandike. Walikuwa wanakuja kwetu. Vuli ya kule inawaondoa, vuli ya huku inawapokea. Neno moja, misimu miwili, ndege wale wale. Kwa hivyo insha yangu haikuwa na makosa sana kama mlivyodhani, ingawa alama zile sizidai tena.

Sasa niwaambie nilivyowajua, na msinicheke. Siku ya kwanza sikuingia Arboretum kutazama ndege. Nilienda na binamu yangu kuwapiga kwa manati, au feya kama wengi tunavyoiita. Kutoka kwetu Kawangware tulikata kwa miguu kupitia Lavington na Kileleshwa mpaka langoni, upande wa State House Road. Askari wa lango alitupekua, akaitoa ile feya mfukoni mwangu, akaiweka juu ya meza yake. "Kijana," akaniambia, "ukitoka utaichukua. Ukiwa ndani tumia macho." Basi nikatumia macho kwa kukosa la kufanya. Nilipotoka niliichukua, siwadanganyi. Ilikaa chini ya kitanda muda mrefu mpaka mama alipoitupa.

Kwa wasiopajua, Arboretum ni bustani ya miti ya hekta 30 hivi, karibu kabisa na katikati ya jiji. Ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti inayokua upesi, kwa kuwa injini za reli wakati huo zilikula kuni kuliko tunavyokula sisi githeri. Reli iliacha kuni, miti ikabaki. Leo iko aina zaidi ya 300, mingine ya Kiafrika, mingine iliyoletwa kutoka ng'ambo, na kima wamejaa wa kunyang'anya watu mandazi mkononi. Watu huja kukimbia, kuomba, kusoma, na kupendana. Wanaotazama juu ni wachache.

Hebu chukueni Jumamosi moja mwishoni mwa Oktoba. Ni saa moja asubuhi, mvua imenyesha usiku, nyasi zimeloa na viatu vyangu vya shule pia. Ukisimama kwenye uwanja wa nyasi utawaona mbayuwayu kwanza, kwa sababu hawajifichi. Mgongo una rangi ya buluu iliyoiva, koo ni jekundu la tofali, mkia umegawanyika kama mkasi. Wanapita chini kabisa, kimo cha goti, wakizoa wadudu walioinuliwa na unyevu. Tafadhali msiwachanganye na ndugu zao wanaojenga vikombe vya udongo chini ya paa la ukumbi wetu wa chakula. Wale ni wenyeji, wanazalia hapa. Huyu wa koo jekundu ninayemsema hajengi Nairobi. Kiota chake kiko kwenye zizi la ng'ombe huko Ulaya au Asia.

Ukiteremka hadi kijito cha Kirichwa Kubwa utamkuta mmoja mwembamba, kijivu juu na manjano chini ya mkia, akirukaruka juu ya mawe huku akitikisa huo mkia kana kwamba anaambiwa akiacha atakufa. Huyo naye ni wa kutoka mbali. Kwenye miti yenye matunda madogo kuna wa kijivu aliyevaa kofia nyeusi. Jike wake kofia yake ni ya kahawia. Halafu kutoka juu sana, juu kuliko miti yote, unasikia sauti laini ya kuviringika, kama filimbi iliyotiwa maji. Hao ni keremkerem wa Ulaya wakipita kwa kundi. Wanakula nyuki na nyigu, lakini kwanza humpigapiga na kumsugua mdudu kwenye tawi mpaka sumu itoke. Ningewaona mapema zaidi kama ningekuwa nimefundishwa kusikiliza. Bahati nzuri wakati wa likizo ya Desemba nilijiunga na matembezi ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, yale yaliyoanzishwa na Bi. Fleur Ng'weno mwaka 1971 na hayajakoma hadi leo. Siku za shule Jumatano ni ya hesabu, kwa hivyo siwezi. Lakini siku ile moja mzee mmoja alinishikisha darubini yake, na tangu hapo nikaharibika kabisa.

Aliye moyoni mwangu hata hivyo ni mdogo kuliko hao wote. Ana rangi ya kijani kilichofifia na manjano kidogo kifuani, na mstari mwembamba wa njano juu ya jicho. Anachokorachokora kwenye majani ya mgunga akiokota viwavi. Ukimtazama kwa haraka utasema ni jani. Waingereza wamempa jina, Wajerumani wamempa jina, Warusi wamempa jina. Nimewauliza darasa zima sisi tunamwitaje, nikajibiwa: "Si ni kandege tu!"

Novemba ya mwaka jana nilimwokota mmoja barabarani nikija shuleni. Alikuwa chini ya jengo moja refu la vioo vitupu, jengo ambalo huwaka taa usiku kucha, hata ofisi zikiwa tupu. Shingo ilikuwa imevunjika lakini manyoya hayakuwa na doa. Nilimfunga kwenye karatasi ya daftari nikampeleka maabara, na mwalimu akaniruhusu kumweka kwenye mizani. Gramu 9. Hiyo ni karibu sawa na karatasi mbili za kuandikia insha.

Sasa sikilizeni mambo ya hizo gramu 9. Ndege wa aina hii huzalia tangu Ulaya ya magharibi hadi mashariki kabisa ya Siberia, na wale wa Siberia husafiri zaidi ya kilomita 10,000 kuja Afrika. Husafiri usiku, kila mmoja peke yake, wakiongozwa na nyota na nguvu za sumaku za dunia. Kinda aliyeanguliwa Juni hajawahi kuiona Afrika, na wazazi wake hawamsubiri. Anajijaza mafuta mwilini, kisha usiku mmoja anainuka anaondoka. Anavuka majangwa. Anafika Nairobi, na anauawa na kioo cha mtu aliyesahau kuzima taa.

Niliona uchungu, jamani. Mwenzangu mmoja akaniambia, "Mazee, usijali, huyo hata si wetu, ni wa Wazungu." Hapo ndipo maoni yangu yanapoanzia, na mnisamehe kama nimechelewa kufika.

Sisi tumezoea kusema "ndege wageni". Vitabu vinasema hivyo, waongoza watalii wanasema hivyo. Wengine wanaenda mbali zaidi wakidai ndege hawa wanakuja kujiotesha jua kama watalii wa Diani, halafu wanarudi makwao. Mimi napinga. Kwanza, tuhesabu miezi. Mbayuwayu huingia kwetu kuanzia Septemba na Oktoba, na wa mwisho huondoka Aprili. Kandege wangu wa Siberia hukaa kule kwenye kiota miezi mitatu hivi, kisha anaanza safari ya kurudi kusini. Je, mtu anayelala kwako miezi yote hiyo ni mgeni? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mbayuwayu hakungoja kupewa. Tangu asubuhi ya kwanza amelishika jembe lake, anakula mbu na nzi na wadudu wengine warukao. Korongo weupe wakitua shambani penye viwavi jeshi hufanya kazi ambayo dawa ya dukani ingekutoa pesa nyingi.

Pili, na hili ndilo lililonimaliza nilipolisoma, mbayuwayu mzima hubadilisha manyoya ya mbawa akiwa Afrika. Yale anayorukia Aprili kurudi Ulaya yameota huku, kwa wadudu wa huku. Na kandege wangu hubadilisha manyoya yote mara mbili kwa mwaka, mara moja kule na mara moja huku. Suti moja ameshonewa Siberia, nyingine ameshonewa Afrika. Mtalii gani huyo anayeshonewa ngozi?

Nina nyanya yangu kijijini upande wa Mwingi. Kule Ukambani mvua ya kutegemewa ni hii ya vuli, wala si ile ya masika kama wengi wanavyodhani. Nyanya hajui chochote kuhusu Siberia lakini anawajua mbayuwayu. Kila Oktoba hunipigia simu: "Wale watu wako wameshafika huko?" Nikisema wamefika, anaanza kutayarisha mbegu za kunde na mbaazi. Mwaka 2022 nilimwambia, tena kwa furaha, kwamba wamefika, wapo wengi, nimewahesabu 60 kwenye waya mmoja wa stima. Akapanda. Mnakumbuka mvua ya mwaka ule. Ulikuwa msimu wa tano mfululizo kukauka. Mbegu zilioza kwenye vumbi, kama vumbi laweza kuozesha kitu.

Nililia kwa aibu. Nilijiona kama niliyemdanganya. Lakini nyanya hakunilaumu mimi wala ndege. Aliniambia, "Hata wao walidanganywa." Nimelitafakari neno hilo sana. Ndege anaondoka kaskazini Agosti, siku zinapoanza kufupika na wadudu kupungua. Hana habari kama huku kutanyesha. Anakuja kwa imani ile ile ya nyanya anayefukia mbegu kwenye udongo mkavu. Mvua isiponyesha, wadudu hawatoki, na yeye analala njaa pamoja na sisi. Mwaka 2023 El Niño ilipokuja na mafuriko, alikuwa hapa pia, analowa. Mtalii mambo yakiharibika hupiga simu akabadilishiwa tiketi. Huyu hana pa kupiga simu. Yeye ni mkulima mwenzetu, wa vuli ile ile.

Najua Wazungu wamejisifu sana kwa kugundua habari za ndege hawa. Na ni kweli wamefanya kazi. Mdenmaki Hans Christian Mortensen ndiye aliyeanza mwaka 1899 kuwafunga kwenzi pete za alumini zenye namba na anwani. Mei 1911 mwanasheria mmoja wa Uingereza alimfunga mbayuwayu pete nyumbani kwake, na Desemba 1912 ndege huyo akapatikana Natal, Afrika Kusini. Lakini kabla ya hapo hali ilikuwaje? Kwa karne nyingi wataalamu wao waliamini kwamba mbayuwayu hulala ndani ya matope chini ya maziwa wakati wa baridi! Aliyewafumbua macho ni nani? Mwaka 1822, huko Klütz, Ujerumani, alipigwa korongo mmoja ambaye tayari alikuwa na mkuki wa Kiafrika, urefu wa sentimita 80 hivi, umemchoma shingoni. Alikuwa amepaa nao hadi Ulaya. Wakajua basi korongo huenda Afrika. Ndege huyo amekaushwa na amehifadhiwa Chuo Kikuu cha Rostock hadi leo. Jina la korongo liko kwenye vitabu, jina la kijiji cha Ujerumani liko. Jina la Mwafrika aliyeurusha mkuki ule halipo popote. Alitaka kitoweo akaandika barua.

Mimi na feya yangu hatukuwa mbali sana na yeye, tofauti ni kwamba mimi singeandika chochote.

Na hapa ndipo ninapotaka kuwachokoza wanachama wa Kiswahili, maana wa sayansi wana jarida lao. Kitu kisichokuwa na jina ni rahisi sana kupotea. Mti ukiwa "mti tu" utakatwa. Mnaukumbuka ule mugumo wa Waiyaki Way uliokuwa ukatwe mwaka 2020 kupisha barabara? Uliokolewa kwa sababu watu walijua ni mugumo, na walijua mugumo ni nini kwao. Ungekuwa "mti tu" leo tungekuwa tunapita juu yake na matatu. Sasa kandege atateteawaje? Nitamwandikia nani barua kuhusu taa za jengo lile, niseme "kandege" amekufa? Niliandika kweli. Mlinzi wa jengo aliipokea barua, akaisoma, akaniuliza: "Ndege gani?" Nikakwama. Nikataja jina la Kiingereza, akacheka akasema hilo ni shati la nani. Barua hiyo sijui kama ilipanda hata ngazi moja.

Tunayo majina mazuri ya zamani: mbayuwayu, korongo, kitwitwi, keremkerem. Watu wa pwani na wa maziwa waliwapa ndege majina kwa sababu waliwatazama. Sisi wa Nairobi tunaandika insha zenye tausi, tena tausi wenyewe wengi wetu hatujawaona. Mtu anasifu "sauti nyororo ya ninga" na hajui ninga ni njiwa. Napendekeza chama chetu, badala ya kukariri tamathali za kuokota alama, kikusanye majina. Tuwaulize akina nyanya na akina babu, kwa Kikamba, Kikuyu, Kiluhya, Kijaluo, Kipokomo, tuone ni yapi yanafaa kuingia Kiswahili. Kandege wangu sitambatiza mimi peke yangu usiku mmoja. Ni kazi ya kikao.

La pili ni kuhesabu. Huko Ngulia, Tsavo Magharibi, tangu mwaka 1969 wataalamu wamekuwa wakikusanyika kila Novemba na Desemba. Usiku wa ukungu taa za hoteli huwavuta wasafiri washuke, wananaswa kwa nyavu laini, wanapimwa, wanafungwa pete, wanaachiliwa. Ndege waliofungwa pete pale wameonekana tena Uarabuni na hata Urusi. Sisi hatuhitaji nyavu. Tunahitaji daftari la shilingi chache: tarehe ya kwanza kumwona mbayuwayu, tarehe ya kwanza kunyesha, idadi kwenye waya. Mimi ninalo la miaka mitatu. Mtu mmoja miaka mitatu si kitu. Lakini kidato cha kwanza wakipokezwa na kuwapokeza wanaokuja, baada ya miaka 20 shule yetu itakuwa na jambo la kumwambia mkulima wa Mwingi, zaidi ya lile nililomwambia mimi kwa furaha ya kijinga.

Kuna wanaosema ndege hawako kwenye mtihani. Sawa, hawako. Katibu wa chama ameniambia pia kwamba hakuna fedha. Sijaomba fedha. Mlezi wa chama hajasema ndiyo wala la, na kwa mlezi wetu hiyo ni karibu ndiyo.

Basi Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, saa moja asubuhi, nitakuwa pale langoni upande wa State House Road. Darubini ninayo moja, na kioo chake kimoja kina ufa, kwa hivyo tutapokezana. Njooni na kalamu. Mandazi fungeni vizuri kwa sababu ya kima, na mwenye feya amwachie askari.